Miaka Ambayo Filamu Imeiruka

Filamu ya Rafiki nimeitazama mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa Kampala, mji ambao mimi Mkongo nimekulia, katika chumba chenye mlango wa kufunga. Mara ya pili ilikuwa hapa Kakuma, tuko watatu tumeinamia simu moja, sauti chini kabisa. Mara ya kwanza nililia kwa furaha. Mara ya pili nilikasirika, na wiki nzima nimejiuliza hasira ile imetoka wapi.

Kwa ambao hawajaiona: Wanuri Kahiu aliitengeneza Nairobi, ikaonyeshwa Cannes mwaka 2018, na nyumbani Kenya ikapigwa marufuku mwaka huohuo. Alitakiwa abadilishe mwisho uonyeshe majuto, akakataa. Mwezi Septemba Mahakama Kuu iliiruhusu kwa siku 7 tu, na watu wa Nairobi wakajaza kumbi. Kena na Ziki ni wasichana wawili, baba zao wanagombea kiti kimoja. Wanapendana. Mama Atim wa kibandani, yule ambaye kila mtaa unaye, anaona yote. Mtaa unajua, wanapigwa, na Ziki anapelekwa London.

Niseme kwanza kile filamu inakijua vizuri. Baada ya kipigo, wasichana wako polisi, nyuso zimevimba, na askari wanawafanyia mzaha. Kisha mama anampeleka Kena kanisani akaombewe. Mikono inawekwa kichwani, watu wanapaza sauti, na yeye yuko kimya tu. Mimi ukimya ule naujua. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990, lakini hadi leo kuna vijana wanaombewa "wapone". Filamu iko wazi hapa: Kena hakuwa mgonjwa alipokuwa anapenda. Furaha yake tuliiona. Huzuni ililetwa na watu, tena kwa miguu yao.

Halafu kuna kijana mmoja ambaye mtaa unamtukana tangu mwanzo, na Kena mwenyewe alikuwa anakaa na wanaomtukana. Baadaye, Kena akiwa ameumia, wawili hao wanakaa pamoja. Hakuna neno. Hakuna ushauri. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote.

Sasa hasira yangu. Baada ya Ziki kuondoka, filamu inaruka. Miaka inapita kama mtu anageuza ukurasa, na tunamkuta Kena mtu mzima, anafanya kazi hospitalini. Bana, ilikuwaje? Usiku alilala? Nani alimlazimisha kula? Alipitaje mbele ya kibanda cha Mama Atim kila asubuhi? Ile miaka iliyokatwa ndiyo sisi tunaiishi. Tulitoka Uganda baada ya sheria ya 2023, tukaja Kenya ambako kifungu cha 162 bado kipo kitabuni, na sasa tunangoja. Kungoja hakuna muziki wala rangi nzuri. Ni foleni ya maji, ni kuchagua njia ambayo hutatupiwa mawe, ni rafiki anayeacha kuoga na wewe unajua maana yake.

Hadithi iliyozaa filamu hii haikuruka hivyo. "Jambula Tree" ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007, inasimuliwa na Anyango, aliyebaki mtaani, akimwambia Sanyu aliyepelekwa London. Ni sauti ya mtu aliyeishi miaka yote ile palepale, kati ya majirani walewale. Kahiu alichukua mapenzi akayapa mwanga, na namshukuru, kwa sababu kijana aliyeona mwisho wa majonzi tu anaweza kuamini kwamba hakuna mwingine. Lakini tumaini lisiloonyesha njia linamwacha mtu akijilaumu: mbona Kena aliweza na mimi siwezi?

Ninyi wa mashirika, hili linawahusu pia. Fomu zenu nazo zinaruka. Zinauliza siku ya kupigwa, halafu zinauliza mipango yangu ya baadaye. Mimi nimekaa na washauri watatu, kila mara mpya, kila mara nianze upya na mlango ulivunjwa vipi. Hakuna aliyeuliza jana usiku nililala saa ngapi. Mtu mmoja arudi mara kumi ananifaa kuliko watu kumi waje mara moja moja.

Na ninyi majirani zangu, wengi hamkubaliani na mimi, najua. Sikuombi ukubali. Yule kijana hakumhubiria Kena na Kena hakumwomba msamaha mbele ya watu. Walikaa tu. Hapa mabenchi ni machache, lakini madumu yapo, na kwenye bomba tunakaa juu yake saa mbili, saa tatu. Nikija na dumu langu, usisogee.