Kicheko na Tabaka: Kejeli katika Riwaya za Adam Shafi

Adam Shafi, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1940 na kusomea uandishi wa habari Prague, amekwisha kutengewa chumba chake katika nyumba ya fasihi ya Kiswahili. Kwenye mlango wa chumba hicho pameandikwa "uhalisia wa kijamaa". Maandishi hayo si ya uongo. Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) na Kuli (1979) zilitoka Tanzania Publishing House wakati Azimio la Arusha lilipokuwa bado lugha ya dola, na riwaya zote mbili ziko upande wa mnyonge bila kificho. Hata hivyo, sehemu hii inadai kwamba umaarufu huo umewaziba wahakiki masikio. Wanaisikia itikadi ya Shafi, lakini hawakisikii kicheko chake.

Mtafiti alianza kulishuku jambo hili nyumbani, Digodigo, alipowasomea jamaa zake sura kadhaa za Kasri. Hao ni wakulima wa Kibatemi. Mashamba yao hunyweshwa kwa mifereji, na zamu za maji tangu zamani ziko mikononi mwa baraza la wazee, wenamiji. Mkarafuu hawajapata kuuona. Lakini Kijakazi, mtumishi anayemtetea bwana wake hata baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, aliwavunja mbavu. Wakacheka, wakaomba sehemu hiyo irudiwe. Kisha bibi mmoja akanyamaza, akasema kwamba mtu aliyeomba maji maisha yake yote hamchukii upesi mwenye kuyagawa.

Kauli hiyo ina uzito kuliko sehemu kubwa ya yale yaliyoandikwa juu ya Kijakazi. Uhakiki uliozoeleka humwona kuwa kielelezo cha fahamu potofu: mtu wa tabaka la chini asiyejijua, wa kuhurumiwa na kusahihishwa. Usomaji huo unaeleza kosa lake, ila hauelezi kwa nini anatuchekesha. Shafi hamcheki kutoka juu. Anamwachia mhusika wake aitumikie kasri kwa bidii na heshima, mpaka bidii yenyewe inageuka kichekesho, na msomaji anayecheka anajikuta akimkumbuka bwana wake mwenyewe. Hapo kejeli inafanya kazi ambayo hotuba ya kisiasa haiiwezi.

Hotuba ndizo zinazoidhoofisha Kuli. Riwaya hiyo, iliyojengwa juu ya mgomo wa makuli wa Zanzibar wa 1948, ina kurasa zenye nguvu, hasa zile za kazi yenyewe bandarini: uzito wa mizigo na hatari inayomkabili kila anayeibeba. Lakini wafanyakazi wanapokutana kupanga mgomo, sauti zao hufanana kupita kiasi. Makuli wa kweli wangetaniana. Mtafiti haoni sababu ya kulificha dosari hili kwa kuwa tu msimamo wa kitabu ni wa haki.

Mambo ni mengine kabisa katika Vuta n'kuvute (1999), riwaya ambayo wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wameisoma kwa miaka mingi, mara nyingi kupitia vijitabu vya mitihani vinavyoipunguza kuwa orodha ya dhamira. Denge ni mkomunisti, naye anawindwa na polisi wa kikoloni. Dhamira hiyo haina shida kuonekana. Kinachopotea katika orodha ni namna uwindaji wenyewe unavyosimuliwa. Inspekta Wright na Koplo Matata wana mamlaka yote, lakini hawana habari ya mji wanaoutawala. Ukoloni unaonekana wa kuogopesha na wa kipumbavu kwa wakati mmoja. Halafu yupo Mwajuma wa Ng'ambo, ambaye hana nadharia yoyote. Ana mlango ulio wazi na ulimi mwepesi. Yasmin, msichana wa miaka kumi na mitano aliyeozwa kwa Bwana Raza mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, anaanza kupata uhuru wake katika utani wa Mwajuma kabla hajausikia katika siasa ya Denge. Kwa maoni ya mtafiti, mpangilio huo ndio siasa ya riwaya.

Wapo watakaojibu kwamba huu ni uhodari wa mwandishi aliyekomaa tu, na kwamba miaka ishirini ilitosha kumfunza. Jibu hilo linamsahau Kijakazi, aliyetangulia. Linasahau pia kilichompata mwandishi kabla ya riwaya hizo kuchapishwa. Baada ya kuuawa kwa Rais Karume tarehe 7 Aprili 1972, Shafi alifungwa na serikali ya mapinduzi yaleyale ambayo Kasri inayashangilia. Mateso ya kizuizini aliyaandika baadaye katika Haini (2003), na humo nafasi ya kucheka ni finyu. Hata hivyo mtawala anayeuawa hakupewa jina la historia. Mwandishi amemwita Kigogo.