Mito iliyotuliza ukumbi

Anayehamia nyumba mpya huisikia sauti yake ikivuma kabla hajaingiza makochi. Zulia likishatandikwa na mapazia kutundikwa, mvumo unatoweka. Kuta ni zilezile; kilichoongezeka ni vitu laini vinavyomeza sauti badala ya kuirudisha. Vyumba vingi vya mikutano Dar es Salaam na Nairobi vimebaki kama nyumba isiyohamiwa: vigae sakafuni, vioo ukutani, jipsamu darini. Wakubwa wakilalamika kwamba hawasikilizani, hununuliwa spika kubwa zaidi. Lakini ukipaza sauti, na mvumo nao unapanda kwa kiasi kilekile. Dawa imo chumbani, na ilipatikana kwa kupima.

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara katika makumbusho ya sanaa ya Fogg. Mhadhiri alisikika, ila hakueleweka. Rais wa chuo, Charles Eliot, alimkabidhi tatizo hilo Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia.

Sabine alifanya kazi usiku wa manane, mji ukiwa umelala. Alipuliza bomba la kinanda, akalikata ghafla, kisha akapima muda ambao sauti iliendelea kusikika. Ukumbi ukiwa mtupu, ilidumu sekunde 5.62. Katika muda huo mzungumzaji ameshatamka silabi zaidi ya kumi, na zote zinapandana hewani.

Alichofanya baadaye ndicho kiini cha somo. Alibeba mito ya viti kutoka Sanders Theatre, ukumbi wa jirani, akaiingiza kidogo kidogo huku akipima kila hatua. Mito ya kwanza ilipunguza muda kidogo tu. Ilipojaa hadi kufunika ukuta wa nyuma, muda ulishuka mpaka sekunde 1.14. Aligundua hata nguo zake zinameza sauti, ikambidi avae mavazi yaleyale kila usiku wa kupima.

Kipimo alichochagua kinaeleweka na yeyote: dirisha lililo wazi. Sauti ikilifikia, inatoka nje na hairudi. Basi kila kitu, mto, zulia au mtu, kikahesabiwa kwamba ni sawa na dirisha la mita ngapi za mraba. Kanuni yake ni fupi: chukua ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.161, gawa kwa jumla ya "madirisha" hayo. Jibu ni sekunde za mvumo. Kwa hesabu hiyo alishauri ujenzi wa Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa 1900 na kusifiwa mpaka leo.

Tuilete hesabu ofisini. Chumba cha mita 6 kwa 5, chenye kimo cha mita 3, kina ujazo wa 90. Kikiwa cha vigae, vioo na jipsamu, tuseme kinameza sawa na dirisha la mita 6 za mraba. Mvumo wake ni sekunde 2.4. Kwa mazungumzo tunataka kama 0.6, yaani "dirisha" la mita 24. Pengo ni mita 18, na paneli za sufu ya madini zenye unene wa sentimita 5 zitaliziba kwa takriban mita 20 za mraba. Angalia jambo moja: mita 6 za kwanza zinakata mvumo nusu, lakini kuukata nusu tena kunadai 12 nyingine. Anayebandika vipande viwili akaona nafuu, kisha akaishia hapo, ameacha kazi katikati.

Sehemu kubwa iende darini, inayobaki kwenye kuta mbili zinazokutana konani, usawa wa vichwa vya walioketi. Hapo inavunja sauti inayodunda kati ya kuta zinazotazamana. Unene usipuuzwe. Zulia jembamba na trei za mayai humeza sauti nyembamba tu, na ule uzito wa sauti ya kiume unabaki ukivuma. Wala paneli hazizuii siri kufika chumba cha pili. Kazi hiyo ni ya ukuta mzito na mlango usio na mwanya.

Anayeumia zaidi ni yule aliye upande wa pili wa simu. Aliyemo chumbani ana masikio mawili na ubongo unaochagua neno la kufuata. Maikrofoni moja mezani inazoa neno na mvumo wake pamoja. Kwa hiyo kabla ya kuagiza kifaa kingine, piga kofi moja katikati ya chumba kitupu na usikilize. Sauti ikibaki ikitetemeka hewani, chukua futi ya fundi upime kuta. Sabine alimfanya mhadhiri aeleweke bila kumwomba apaze sauti.