Roho Iliyoshikwa Dukani

Katika nyimbo za kantri za Marekani, ni chache zilizoitaja hesabu ya deni waziwazi kama "Sixteen Tons", yaani "Tani Kumi na Sita", wa Merle Travis. Aliurekodi mwaka 1946, nao ukatolewa mwaka uliofuata. Travis alizaliwa mwaka 1917 katika wilaya ya Muhlenberg, jimboni Kentucky, na baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Dhiki hiyo, basi, hakuiokota vitabuni.

Mwanafunzi hawezi kuuelewa wimbo huu asipoelezwa kwanza habari ya duka la kampuni. Katika machimbo mengi ya huko, nyumba zilikuwa za kampuni na duka lilikuwa la kampuni. Mchimbaji alilipwa kwa uzito wa makaa aliyopakia, na mara nyingi hakupewa fedha halisi bali sarafu au hati za kampuni yenyewe, zisizopokelewa ila katika duka lake. Kodi ya nyumba, unga, hata baruti ya kupasulia mwamba, vyote vilikatwa humo. Siku ya malipo ilipofika, malipo yalikwisha kuliwa.

Travis alieleza kwamba wazo la kibwagizo alilipata kwa baba yake. Majirani walipomjulia hali, mzee huyo alizoea kuwajibu kwamba hana uwezo hata wa kufa, kwa sababu roho yake inadaiwa dukani. Hapa ndipo penye nguvu ya wimbo. Ni mzaha wa mtu mzima mbele ya jirani yake, machozi hayamo. Mtunzi mwingine angalituongezea mke mgonjwa na watoto wanaolia njaa. Travis ametuachia hesabu tu: tani zapanda, umri wapanda, na deni lapanda pamoja navyo.

Wako wanaoona kwamba beti za majigambo, ambamo mchimbaji anajitapa kwa ngumi zake, zinaharibu huzuni ya wimbo. Sisi hatukubaliani nao. Mtu huyu aweza kumwangusha yeyote atakayekutana naye njiani, ila daftari la dukani halipigiki.

Mwaka 1955 Tennessee Ernie Ford aliuimba upya, kwa sauti nzito, klarineti na mlio wa vidole, ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Ni uimbaji mzuri, pengine mzuri mno: msikilizaji huanza kutikisa kichwa kabla hajasikia anachoambiwa. Kwa darasa tungechagua ule wa Travis na gitaa lake.

Limebaki suala la tafsiri. Tukisema roho "inadaiwa", msikilizaji wetu aweza kudhani mtu anatishiwa kuuawa. Wengine hupendekeza neno "rehani". Lakini aweka rehani kwa kawaida huipeleka mali yake mwenyewe kwa mkopeshaji, na mchimbaji huyu hakupeleka kitu. Aliamka akaikuta imekwisha shikwa. Kwa hiyo sisi twachagua "kushikwa".