Hakuna Kilichoonekana: Kuisoma Ardhi ya Embu na Meru Kabla ya Minara ya Umeme

Katika ripoti ya tathmini ya mazingira, suala la mambo ya kale linaweza kumalizwa kwa sentensi moja: hakuna masalia yaliyoonekana. Kabla ya kuiamini, mimi huuliza yalitafutwa kwenye ardhi ya namna gani. Mbeere kule Embu na Nyambene kule Meru hazisomeki kwa jicho moja.

Kwanza umbo la mradi. Nchini Kenya, njia ya umeme ya kilovolti 132 hutengewa mkuza, yaani ukanda wa ardhi, wa upana wa mita 30. Ya kilovolti 400 hutengewa mita 60. Watu wanne wakijipanga mstari wanaupitia mkuza wa mita 30 wote kwa miguu. Minara yenyewe hukaa mbalimbali, na mmoja unaweza kusogezwa bila gharama kubwa ikiwa michoro haijafungwa. Kinachosahaulika ni njia za muda za malori, ambazo hutoka nje ya mkuza na kuchimbua ardhi ambayo hakuna aliyeikagua. Bomba la maji ni gumu zaidi, kwa kuwa mtaro wake haukatiki. Bwawa ndilo kali kuliko yote: humeza bonde zima.

Mto Tana unalijua hilo. Bwawa la Kindaruma lilikamilika 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Yote kabla ya sheria ya mazingira ya 1999 iliyofanya tathmini kuwa ya lazima. Kusini mwa Mbeere, upande huo huo wa mabwawa, watu waliyeyusha chuma kutokana na mchanga mweusi ulioachwa na maji ya vijito, kazi ambayo mtafiti Jean Brown aliiandikia mapema miaka ya 1970. Ikiwa mali ghafi ilitoka mtoni, basi kingo za mito ndizo za kukaguliwa kwanza, na ndizo zinazozama kwanza.

Juu ya maji, Mbeere humfaa mkaguzi. Kiangazi nyasi hupungua na ardhi hubaki wazi. Hutafutwa mavi ya chuma, mirija ya udongo iliyopitisha upepo wa mivuo, na vigae. Shida iko kwenye mawe. Miamba ya kale ya huko ina mishipa myeupe ya kwatzi inayovunjika yenyewe vipande vyenye makali, na mwanafunzi asiyezoea atajaza mifuko akidhani ameokota visu vya mababu. Mimi ningetoa rundo lote hilo kwa kipande kimoja cha kioo cha volkano: hakizaliwi na miamba ile, machimbo yake makubwa yako upande wa Naivasha, na yamkini kuna mtu aliyekibeba.

Ukipanda Meru, kutoka Imenti hadi Nyambene, mbinu hiyo inakwama. Udongo ni mwekundu na wa kina, umefunikwa na migomba, kahawa, chai na miraa. Mkaguzi anayetembea tu huko anahesabu majani. Inabidi kuchimba vishimo kwa sepetu kila baada ya mita kadhaa na kuchekecha udongo, kisha kusoma kuta zilizokwisha kukatwa bure: kingo za barabara, makorongo, mashimo ya vyoo. Penye bonde, udongo ulioporomoka kutoka juu huweza kuwa umefunika makazi kiasi kwamba sepetu haiyafikii.

Tena kuna yasiyochimbwa. Masimulizi ya wenyeji yanataja mashimo ya Wagumba, watu wanaosemwa kuwa waliwatangulia hapo, na kuna mahali pa matambiko ambapo hapana hata kigae. Makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, huko Nchiru yanajulikana na kila mtu. Mti wa mugumo wa ukoo fulani haujulikani, na mzee hatautaja mbele ya baraza lenye chifu na mhandisi. Atautaja njiani, mkitembea wawili. Muda huo haumo katika bajeti nyingi, na hapo ndipo ningeongeza fedha kabla ya kununua droni.

Hata hivyo, ukaguzi wa juu hautoshi. Bomba la mafuta la Chad hadi Kameruni, lenye urefu wa takriban kilomita 1,070, lilifichua maeneo zaidi ya 400 ya kale, kwa sababu waakiolojia waliendelea kufuatana na wachimbaji baada ya kazi kuanza. Kwa udongo wa Meru, ningedai hivyo hivyo.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inampa mgunduzi siku saba kuyaarifu Makavazi ya Kitaifa. Tingatinga humaliza msingi wa mnara kwa saa chache. Kwa hiyo mkataba wa mkandarasi utaje mapema nani ana mamlaka ya kuisimamisha mashine, dereva akiwemo, na nani atalipia saa inazokaa kimya. Dereva anayejua kwamba kigae kitamkata ujira hataona kigae.