«Pikogramu 100 inatosha.» Inatosha juu ya nini?



Kwa ukurasa huu tumezoea kuhakiki vitabu na filamu. Leo naomba muniruhusu nihakiki sentensi moja tu. Inarudi kila mara kwa makala za labo zinazofundisha namna ya kusoma metilasioni ya ADN: «mbinu yetu inafanya kazi hata na nanogramu chache», kisha «hata na pikogramu 100», kisha «hata na seli moja». Sentensi hii haina uongo. Lakini mimi niliisoma vibaya, na sampuli za watoto wachanga sita ziliishia pale.

Kwa mémoire yangu nilitaka kuangalia metilasioni katika damu ya watoto wa siku ya kwanza. Wazo halikutoka mbali. Mwaka 2012 timu ya Connie Mulligan, wa Chuo Kikuu cha Florida, ilitoa katika jarida la Epigenetics utafiti uliofanyika hapa Goma, kwa mama 25 na watoto wao. Waliona kwamba shida nzito ambazo mama alipitia akiwa na mimba zinaenda pamoja na uzito wa mtoto anapozaliwa, na tena pamoja na metilasioni ya jeni moja ya mtoto, NR3C1, ambayo inahusika na namna mwili unapokea homoni za mkazo. Nilisoma makala ile usiku mmoja kule Bukavu, courant ikikatika mara mbili. Mama walikuwa wa kwetu, vita ilikuwa ya kwetu, lakini makala ilitoka mbali. Nikasema: na sie tunaweza.

Nilikuwa na matone ya damu yaliyokaushwa kwa karatasi ya kuchuja. Ukikata kiduara cha milimita 3, unapata karibu mikrolita 3 za damu, basi. Karatasi zangu zilikaa miezi mingi katika joto, na kwa watoto sita nilitoa ADN ya karibu pikogramu 500 kila mmoja, yaani nusu ya nanogramu. Promoteur wangu aliangalia namba, akatoa miwani.

— Mwanangu, hii iko kidogo sana. Ulihesabu ni seli ngapi ziko mule ndani?

— Prof, makala inasema pikogramu 100 inatosha. Sie tuko nazo mara tano!

Hakukatala. Tubes zikaenda kwa labo moja ya nje. Jibu lilirudi na mamilioni ya vipande vilivyosomwa, nikafurahi. Kumbe karibu vyote vilikuwa kopi za vipande vichache tu, vinajirudia na kujirudia. Hapo ndipo nilirudi kusoma makala moja baada ya ingine, polepole, kama mtu anayesoma mkataba baada ya kuusaini.

Tuanze na msingi. Metilasioni ni alama ndogo ya kikemia ambayo seli inaweka juu ya herufi C ya ADN. Mashine ya kusoma ADN ya kawaida haioni alama hiyo. Mwaka 1992 Marianne Frommer na wenzake kule Australia walionyesha njia: unapitisha ADN kwa bisulfiti. C isiyo na alama inageuka U, na mashine inaisoma kama T. C yenye alama inabaki C. Hapo alama inaonekana kwa macho, herufi kwa herufi. Njia ile ilifungua kazi yote iliyofuata.

Lakini bisulfiti inakata. Mwaka 2001 Grunau na wenzake walipima: kati ya asilimia 84 na 96 ya ADN inaharibika. Ukiwa na mikrogramu nzima, hasara hiyo unaivumilia. Ukiwa na nusu ya nanogramu, karibu kila kitu kinaenda.

Sasa ongeza hapo jambo la «maktaba». Kwa lugha ya labo, maktaba ni vipande vyote vya ADN ambavyo vimepata adapta, kamba ndogo ya ADN, kwa kila ncha, ili mashine iweze kuvishika na kuvisoma. Zamani tulikuwa tunafunga adapta kwanza, kisha bisulfiti. Fikiria kamba iliyofungwa kwa miti miwili. Ukiikata katikati, kila nusu inabaki na mti mmoja tu, na haivuki tena mto. Kila kipande ambacho bisulfiti ilikikata kilipotea hivyo, hata kama herufi zake zilikuwa bado nzima.

Ndiyo maana naipenda makala ya Fumihito Miura, Takashi Ito na wenzao wa Japani, iliyotoka mwaka 2012 kwa Nucleic Acids Research. Njia yao inaitwa PBAT. Walichofanya ni kugeuza mpangilio: bisulfiti kwanza, adapta baadaye. Acha ikate inavyotaka, kisha funga kamba kwa vile vilivyobaki. Adapta zinaingia kupitia vianzio vya bahati nasibu, ambavyo vinajishika popote kwa kipande. Mashine ni ile ile, bisulfiti ni ile ile. Waliuliza tu hasara inatokea kwa hatua gani. Kwa mwanafunzi wa nchi yenye labo maskini, swali hilo lina faida kuliko mashine mpya.

Lakini someni vizuri wanachoahidi. Wanasema PBAT inatoa vipande vingi vya kusoma hata kutoka chini ya nanogramu moja. Kisha wanasema kwamba kwa kusoma jenomu nzima ya mnyama anayenyonyesha, bila PCR, wanahitaji nanogramu 100. Hizo ni ahadi mbili tofauti! Moja inasema mashine itapata kitu cha kusoma. Ingine inasema utapata jibu la jenomu nzima. Kati yao kuna tofauti ya zaidi ya mara mia. Wenyewe waliandika wazi. Ni sisi wasomaji tunabeba namba ndogo ya kwanza na kuiweka kwa kazi ya pili.

Mwaka 2014 Sébastien Smallwood na wenzake wa Uingereza walipeleka wazo hilo mpaka kwa seli moja ya panya. Kazi kubwa, nawapa heshima. Lakini angalia mpaka wao: kwa seli iliyosomwa vizuri kuliko zote, walipata asilimia 48.4 ya maeneo ya CpG, na seli nyingi zilikuwa chini ya hapo. Nusu ingine ya seli ile haitajulikana kamwe. Wao hilo haliwasumbui sana, kwa sababu walikuwa wanalinganisha seli na seli, na wanaweza kukusanya nyingi. Swali lao lilipatana na mbinu yao. Langu halikupatana.

Vianzio vya bahati nasibu navyo vina bei yake: vinapenda sehemu fulani kuliko zingine, tena vinaunganisha vipande ambavyo havikuwa jirani, na sehemu kubwa ya ulichosoma haipati mahali pake kwa jenomu. Na mwaka 2018 Olova na wenzake, kwa Genome Biology, walilinganisha njia mbalimbali za kutengeneza maktaba. Waliona kwamba bisulfiti yenyewe ndiyo inaanza kupotosha: inaharibu zaidi ADN isiyo na alama, basi metilasioni inaonekana kubwa kuliko ilivyo. PCR inaongeza juu yake. Njia zisizotumia PCR ndizo zilipotosha kidogo zaidi. Kwa hiyo, ukiwa na ADN kidogo, unalazimika kutumia PCR nyingi, yaani dawa ile ile inayozidisha ugonjwa.

Tufike kwa sentensi iliyonidanganya. EM-seq, ya Vaisvila na wenzake, ilitoka mwaka 2021 kwa Genome Research. Hapa hakuna bisulfiti. Enzimu ya TET2 inalinda C zenye alama, kisha APOBEC inageuza zile zisizo na alama. ADN inabaki ndefu. Na angalieni: kwa sababu hakuna kinachokata tena, waliweza kurudi kwa mpangilio wa zamani, adapta kwanza, ugeuzaji baadaye. PBAT ilikuwa jibu kwa ukatili wa bisulfiti. Ukiondoa ukatili, jibu linabadilika. Pikogramu 100 wanayotaja, waliijaribu kweli.

Malalamiko yangu ni mawili. La kwanza: walioandika wengi ni watu wa kampuni ya New England Biolabs, ambayo inauza dawa hizo. Hiyo haifanyi matokeo yawe ya uongo, lakini mnunuzi mwenye akili anapima tena nyumbani. La pili ni zito zaidi: ADN yao ilikuwa safi, ya seli zinazofugwa kwa labo. Yangu ilitoka kwa karatasi iliyopikwa na jua. Tena, mimi niliihifadhi kwa bafa ya TE, kama tulivyofundishwa. TE ina EDTA, na EDTA inakamata madini. TET2 haifanyi kazi bila chuma. Nilimfunga enzimu mikono, kisha nikashangaa halimi. Hilo ni kosa langu, siyo la makala.

Lakini hata bila kosa lile, hesabu ingenishinda. Seli moja ya mtu ina karibu pikogramu 6.6 za ADN. Pikogramu 500 ni seli 75 hivi. Kwa kila mahali pa jenomu, kopi 150. Tuseme kuosha, kuhamisha kutoka tube mpaka tube, na kufunga adapta vimebakiza kopi moja kwa kumi. Unabaki na 15. Kila kopi inabeba karibu alama 7 kwa mia. Tofauti niliyokuwa natafuta kati ya watoto ilikuwa alama 5. Nilikuwa napima unene wa unywele na kamba ya kufungia mbuzi.

Na PCR haisaidii hapo. Ukipeleka mashahidi 15 kwa tribinali, hata kila mmoja akirudia maneno yake mara elfu moja, jaji anaandika kwamba alisikia mashahidi 15. Ripoti yangu ilikuwa na mamilioni ya maneno na mashahidi wachache. Na kila neno lililorudiwa, mtu alililipia kwa dola.

Simaanishi kwamba sampuli ndogo haina kazi. Ukitaka wastani wa jenomu nzima, kopi chache kwa kila mahali zinatosha, kwa sababu unajumlisha mamilioni ya mahali. Ukitaka kutofautisha aina mbili za seli, tofauti ni kubwa, utaziona. Ukitaka tofauti ndogo kwa jeni moja, kama mimi, unahitaji kopi mamia mule ndani, na hakuna mbinu inayoweza kuumba kopi ambazo hazikuingia kwa tube.

Kwa hiyo naomba mambo matatu kwa waandishi wa mbinu, na kwa sisi tunaozitumia. Kwanza, waandike kiasi kwa hesabu ya kopi za jenomu, siyo kwa pikogramu peke yake. «Pikogramu 100» inasikika kama dawa, lakini «seli 15» kila mtu anaelewa. Pili, waonyeshe vipande vya pekee vilivyobaki baada ya kuondoa marudio, siyo jumla ya vilivyosomwa. Tatu, waweke ndani ADN ya kirusi lambda isiyo na alama yoyote, ili C inayobaki pale tujue ni kosa la ugeuzaji, siyo metilasioni. Wengi tayari wanafanya hili la tatu. La kwanza karibu halionekani.

Mémoire yangu niliitetea, na kichwa kingine. Nilipimia zile karatasi zingine zilizotoa ADN ya kutosha, kwa sehemu chache za jeni, na kwa watoto wale sita niliandika: hakuna jibu. Mjumbe mmoja wa jury aliniuliza juu ya nini sikuchora tu grafiki yao, kwa sababu data zilikuwepo. Nikamwambia, Prof, zile ni sauti zinazojirudia tu.

Kinachoniumiza siyo alama za jury. Mama mmoja, siku aliyojifungua, aliniambia: «Chukua tu, dada, kama itasaidia batoto bengine.» Mtoto wake sasa anatembea. Damu yake ya siku ya kwanza nilishaitumia, na hakuna mahali nitaitoa tena.

Basi, nyinyi wenye tubes kwa frigo na barua pepe tayari ya kutuma: mule ndani kuna kopi ngapi? Andikeni hesabu hapa chini, tuihesabu pamoja kabla hamujatuma.