Zeus wa Elfu Moja: Mkia Umerefuka, Mwili Umekonda

Mwanzoni mwa 2021 kampuni ya Pragmatic Play ilitoa sloti iitwayo Gates of Olympus. Mwishoni mwa 2023 ikatoa mwendelezo wake, Gates of Olympus 1000. Ukiziweka skrini zake mbili pamoja, mtu asiyezoea hataona kilichobadilika. Zeus ni yuleyule mwenye ndevu nyeupe, anaelea pembeni mwa ubao wenye safu wima sita na nafasi tano katika kila safu. Mistari ya malipo haipo. Alama nane za aina moja zikitokea popote kati ya nafasi 30, umeshinda. Zilizoshinda zinafutika, nyingine zinaporomoka kutoka juu kujaza mapengo, na maporomoko yanaendelea mpaka ushindi ukome.

Kilichoongezwa kimo ndani ya yale matufe yenye mabawa, ambayo ndiyo vizidishi. Zamani namba zake zilianzia 2 zikaishia 500. Sasa kuna la 1,000. Ushindi wa juu kabisa nao umepanda, kutoka mara 5,000 ya dau hadi mara 15,000.

Ila namba moja haikusogea: marejesho kwa mchezaji, yaani sehemu ya fedha zote zilizochezwa ambayo mashine huirudisha ikichezwa muda mrefu sana. Mchezo wa kwanza ulikuwa asilimia 96.50, na wa pili ni 96.50. Mimi naanzia hapo kila ninapopima mwendelezo wowote, kwa sababu chungu kikiwa kilekile na mtu mmoja akapakuliwa mara tatu, kuna sahani zilizopunguzwa.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Tuseme ushindi wa mara 15,000 hutokea mara moja katika mizunguko milioni. Gawanya 15,000 kwa milioni, unapata 0.015, yaani pointi 1.5 kati ya zile 96.5. Pointi zote hizo zimekaa kwenye mzunguko mmoja. Anayezungusha mara 10,000 ana nafasi kama moja kwa mia ya kukutana nao, hivyo katika wachezaji mia wa namna hiyo, 99 wanacheza mashine inayorudisha 95. Kilele cha zamani cha mara 5,000, kwa uwezekano uleule, kingemeza nusu pointi tu, na wale 99 wangebaki na 96. Kwa dau la shilingi 100, tofauti hiyo ni shilingi 10,000 kwa kila mmoja wao katika mizunguko hiyo 10,000. Hakuna aliyeibiwa, na hesabu ya jumla imetimia. Kilichofanyika ni kurefusha mkia wa mgawanyo wa ushindi kwa nyama iliyotoka mwilini.

Mwili wenyewe tayari ulikuwa mwembamba. Vito vya buluu, alama ya chini kabisa, vikitokea nane au tisa hulipa robo ya dau. Umeweka shilingi 100, umerudishiwa 25, na skrini imemeremeta kana kwamba umepata. Tangu Oktoba 2021 wasimamizi wa michezo ya kubahatisha wa Uingereza wamepiga marufuku shangwe za sauti na picha pale malipo yasipozidi dau, na kwangu hiyo ni kanuni ya haki ambayo kila nchi ingefaa kuwa nayo.

Ufundi mkubwa wa mchezo huu uko kwenye mizunguko ya bure. Alama nne za Zeus hufungua mizunguko 15. Humo vizidishi havipotei: tufe likianguka kwenye mzunguko ulioshinda, namba yake huingia kwenye jumla inayobaki hadi mwisho wa raundi. Wengi hudhani jumla hiyo huzidisha kila ushindi unaofuata. Sivyo. Hufanya kazi pale tu tufe jipya linapoanguka katika mzunguko huohuo wenye ushindi. Unaweza kuwa umekusanya 80, ukashinda mara mbili ya dau, na ukalipwa mara mbili tu, kwa sababu tufe halikuja. Hapo ndipo mapigo ya moyo yanapochezewa. Jumla kubwa iko wazi machoni pako, na kinachoifungua hakiko mikononi mwako. Kama kazi ya ubunifu, nakiri imefanywa kwa ustadi mkubwa. Na ustadi huohuo ndio unaomfanya mtu ashindwe kuinuka kitini.

Njia ya mkato nayo ipo: kununua raundi hiyo kwa mara 100 ya dau. Uingereza haikiruhusu kitufe hicho. Kwa dau la shilingi 100 unalipa 10,000, na marejesho ya wastani, kwa asilimia 96.5, ni 9,650. Lakini wastani huo umebebwa na raundi chache kubwa sana, kwa hiyo nyingi lazima zirudishe chini ya ulicholipa. Fedha za mizunguko 100 umezimaliza kwa mguso mmoja. Anayeongeza dau kwa robo ili kukuza maradufu nafasi ya kuingia kwenye raundi ya bure hapati nafuu pia, maana asilimia inayokatwa ni ileile, na sasa inakatwa kwenye fedha nyingi zaidi.

Jambo la mwisho halionekani ubaoni. Mchezo huu huuzwa kwa kasino za mtandaoni ukiwa na viwango zaidi ya kimoja vya marejesho, na kasino ndiyo inayochagua. Cha chini kipo karibu na 94.5. Namba iliyochaguliwa imeandikwa kwenye kurasa za maelezo ndani ya mchezo, nyuma ya jedwali la malipo, ambako wachache hufika. Mizunguko 1,000 ya shilingi 100 hugharimu kwa wastani shilingi 3,500 kwenye kiwango cha juu. Kwenye kile cha chini ni 5,500, na Zeus ni yuleyule, matufe ni yaleyale, na lile la 1,000 bado linaning'inia mawinguni.