«Tunatafuta waandishi wa senario»: tujibu ao tuache?

Mi nilisoma agronomia, lisansi iko mu sanduku sawa ya wengi wenu, na magaribi naandika senario. Matangazo ya kazi ya kuandika yenye inapita kila siku mu simu, nayasoma vile nilifundishwa kusoma udongo: naangalia chenye kiko ndani, na chenye kinakosa.

Tuchukue moja yenye nilijibu mwaka jana. «Tunatafuta vijana wenye kipaji, serie ya episodi 12. Mutaonekana.» Episodi wamehesabu, pesa hawakuhesabu. Jina la mwenye kutengeneza filme halimo. Siku ya kuanza kupiga picha haimo. Siku ya mwisho ya kutuma, hiyo imo, tena ni kesho kutwa! Na huko kuonekana ni wapi, kama hata hawasemi jina yako itaandikwa ku filme?

Nilijibu. Wakaomba «testi»: episodi mbili za dakika 26, kwa wazo lao. Ukurasa moja wa senario ni karibu dakika moja ya picha, basi hesabuni: kurasa 52. Nilinunua mega, nikakesha siku ine, nikatuma. Mpaka leo, kimya.

Kosa yangu haikuwa kujibu. Kosa ni kuandika kitu chenye siwezi kupeleka pengine. Kule Marekani wanatofautisha mambo mawili. Senario yenye umejiandikia mwenyewe ni yako: wakikataa hapa, unaipeleka pale. Lakini kampuni kukuandikisha wazo lake bure, ukingojea kama atapenda, chama cha waandishi, Writers Guild of America, kinakataza kwa kampuni zote zenye zilitia sahihi mapatano nacho. Njo chama kile kilifanya mgomo wa siku 148 mu 2023. Sisi chama cha nguvu vile hatuna. Sheria tuko nayo: amri-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki ya mwandishi. Maneno yenye niliandika ni yangu, sawa. Ila wahusika ni wao, hadithi ni yao. Nitauzia nani?

Mulimaji anaweza kukuonyesha shamba yake ujue kama anajua kulima. Lakini akulimie shamba yako kwanza, bure, njo umuchague?

Kuna wenye wanasema usijibu hata moja. Hapo nakataa. Kwetu hapa, mutu wa filme mwenye anatafuta mwandishi, naye anapita mu simu sawa sisi. Hakuna ofisi ya kubisha hodi. Rafiki yangu moja alijibu tangazo la filme fupi juu ya kipindupindu. Mbele ya kuandika neno, aliuliza: nani analipa, ngapi, na jina yangu itaandikwa wapi? Walimujibu siku ile ile, wakamupa avanse.

Mi sasa niko na senario moja yangu, kurasa 11, juu ya mama mwenye kuuza makala. Tangazo ikija, natuma hiyo pamoja na yale maswali matatu. Juma hii nimetuma kwa wawili. Moja ameomba tuonane siku ya ine. Mwingine ameandika: «Bei tutaona kisha.» Huyo sikumurudishia neno.